Siku ya Mfalme Uholanzi: nenda asubuhi, na uwe na sarafu mfukoni

Swali: "Mwanangu wa kike anasoma Utrecht na amenitumia barua ya mwaliko. Nitakuwa kwake kuanzia Aprili 18 hadi Mei 8. Anasema tarehe 27 Aprili ni Siku ya Mfalme, mji mzima unavaa rangi ya chungwa na watu wanatandaza vitu barabarani kuuza. Anataka twende Amsterdam pamoja na wenzake. Mimi nina miaka 58, goti la kulia linanisumbua, pombe situmii, na sherehe nilizozoea ni zile zenye pilau na viti. Niende au nibaki ndani? Na mama wa Kiafrika na buibui lake ana nafasi gani kwenye sherehe ya mfalme wa Wazungu?" Msomaji, Tanga.

Shikamoo, mama. Nenda. Ila usiende Amsterdam, na usisubiri mchana. Toka nyumbani saa mbili asubuhi, mzunguke taratibu mitaa ya hapo hapo Utrecht, na saa saba uwe umesharudi unakunywa chai. Baada ya hapo mwanao akitaka Amsterdam na wenzake, mwache aende zake. Ile ni sherehe yao vijana. Yako ni nyingine, japo tarehe ni moja.

Nimeishi Utrecht tangu 2006, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwatembeza wageni. Kosa ninalokukataza nililifanya mwenyewe. Aprili 30, 2007, wakati ikiitwa bado Siku ya Malkia, nilipanda treni kwenda Amsterdam saa sita mchana nikiwa nimevaa fulana ya chungwa ya kuazima. Saa nane nilikuwa juu ya daraja moja dogo, siendi mbele wala sirudi nyuma, mbele yangu jamaa mrefu anacheza muziki na kopo la bia limeinuliwa juu ya kichwa changu, linanidondokea kila anaporuka. Chini mfereji umejaa boti, hata maji huyaoni. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilichokiona cha Uholanzi siku ile ni migongo. Mwaka uliofuata nilikuwa na mafua, nikabaki mtaani kwangu, nikatoka kununua dawa asubuhi, na hapo ndipo nilipoiona sherehe yenyewe. Ilikuwa chini, kwenye mkeka, na mwenye mkeka alikuwa na miaka kama tisa. Nitamrudia huyo mtoto.

Kwanza tarehe, maana wapo watalii waliowahi kufika na fulana zao siku tatu baada ya sherehe kwisha. Mfalme Willem-Alexander alizaliwa Aprili 27, 1967, na alipokea kiti kutoka kwa mama yake, Beatrix, Aprili 30, 2013. Kabla yake sikukuu ilikuwa Aprili 30, siku aliyozaliwa bibi yake, Malkia Juliana. Beatrix alipoanza kutawala mwaka 1980 aliiacha hapo hapo, kwa heshima ya mama yake, na pia kwa sababu yeye mwenyewe ni wa Januari 31. Nani atatandika mkeka barabarani Ulaya mwezi wa kwanza? Ndiyo maana vitabu vya zamani vya watalii vinataja Aprili 30. Halafu kuna jambo la Jumapili: tarehe 27 ikiangukia Jumapili, sherehe inarudishwa nyuma hadi Jumamosi tarehe 26, kama ilivyokuwa 2014 na 2025. Itatokea tena 2031.

Na mwanao anaweza kujivuna kidogo, kwa sababu jambo hili lilianzia mji anaosoma. Agosti 31, 1885, binti mfalme Wilhelmina alikuwa anatimiza miaka mitano, na mhariri wa gazeti la Utrecht akatoa wazo kwamba siku hiyo isherehekewe. Baba yake, Willem III, alikuwa mzee na watu wengi hawakumpenda. Mtoto wa miaka mitano hana adui. Wilhelmina akawa malkia mwaka 1890, siku yake ikawa Siku ya Malkia, na ikabaki Agosti 31 hadi Juliana aliposhika kiti. Kuanzia 1949 ikahamia Aprili. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikuwa siku ya mtoto na michezo ya watoto, na ukiitazama asubuhi bado utaona hivyo. Mambo ya maspika ya muziki na boti za bia yamekuja kuipandia juu.

Ukweli ni kwamba mfalme mwenyewe hutamwona, wala watu hawamngojei. Kila mwaka yeye na Malkia Máxima na mabinti zao huchagua mji mmoja wa kutembelea: 2023 ilikuwa Rotterdam, 2024 Emmen, 2025 Doetinchem. Wanatembea kwa miguu, wanashikana mikono na watu, wanachezeshwa michezo ya mtaani, na televisheni ya taifa inaonyesha moja kwa moja. Mwaka 2012, akiwa bado mwana wa mfalme, alishiriki mashindano ya kurusha sinki la choo kwenye mji mdogo wa Rhenen. Sinki la choo, ndiyo. Picha zipo. Ukitaka kuwaelewa Waholanzi na mfalme wao, anza na picha ile: wanampenda zaidi akikubali kuchekwa.

Kuhusu rangi. Wewe ni mtu wa Tanga, unajua kwamba chungwa la Muheza lililoiva vizuri kabisa bado ni la kijani. Kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba na rangi hii haina uhusiano na tunda. Orange ni mji mdogo kusini mwa Ufaransa, ambao Warumi waliuita Arausio, na uliwahi kuwa na mtawala wake. Mwaka 1544 kijana aitwaye Willem wa ukoo wa Nassau aliurithi kutoka kwa binamu yake. Baadaye akaongoza uasi wa Waholanzi dhidi ya mfalme wa Hispania, na akauawa kwa risasi Delft mwaka 1584. Wanamwita baba wa taifa. Jina la mji likafanana na jina la tunda, tunda likaleta rangi, na rangi ikawa ya nchi: leo timu ya taifa ya mpira inavaa hiyo, na nusu ya watu utakaowaona wamevaa chungwa hawamfikirii mfalme hata kidogo. Wageni wangu wa Kenya huniuliza kwanza kama hakuna siasa ndani yake, maana kwao chungwa ni chama cha ODM. Wewe kwenu halina chama. Mtandio mmoja wa rangi hiyo juu ya buibui unatosha, na kama una khanga yenye chungwa, ilete. Usinunue yale mataji ya plastiki na manyoya. Bei ni ya siku moja na yanawasha shingo.

Sasa mkeka.

Waholanzi wanaiita vrijmarkt. Mimi naiita gulio la taifa. Siku hiyo mtu yeyote anaruhusiwa kutandaza vitu vyake vya zamani barabarani na kuuza bila leseni na bila kodi. Utrecht ina upekee wake: gulio linaanza jioni ya tarehe 26 saa kumi na mbili na kuendelea usiku kucha hadi saa kumi na mbili jioni ya tarehe 27. Siku kadhaa kabla utaona lami imechorwa chaki au kubandikwa utepe, na ndani ya mstatili kumeandikwa "bezet", yaani pana mwenyewe. Usiku ni wa wanafunzi na wale wachuuzi wenye macho makali wanaochambua kwa tochi. Wanaondoka na kile ambacho Wakenya wa mitumba wangekiita kamera, yaani nguo na sahani bora kabisa, kabla wengine hatujaamka. Usiwaonee wivu. Asubuhi wanakuja watoto.

Kwetu mitumba inatoka kwenye robota, haina historia. Koti limevuka bahari, na aliyelivaa hujui alikuwa nani. Pale aliyelivaa amekaa mbele yako anakula mkate. Mtoto anauza dubu wake mwenyewe, viatu vya mpira vilivyombana, mafumbo yaliyopungua kipande kimoja (na atakwambia kwamba kipande kimoja hakipo, hawa watoto wamelelewa kusema). Yule wa miaka tisa niliyemkuta asubuhi ile ya mafua alikuwa na vikombe sita vya chai vyenye maua ya buluu, vya marehemu bibi yake. Aliandika bei kwenye kipande cha boksi: yuro 3. Nikamwambia 2. Akamgeukia mama yake. Mama akageuza uso upande wa pili, akanywa kahawa yake kama vile hamjui. Mtoto akafikiri, akahesabu vikombe upya kwa kidole, akasema, "Yuro mbili na nusu, na ninavifunga." Nikakubali. Akavifunga kimoja kimoja kwenye gazeti, taratibu kama anafunga mayai, watu wakipita juu yetu, na alipofika cha tano gazeti likaisha, cha sita akakivalisha soksi yake. Soksi ninayo mpaka leo. Vikombe vimebaki vitatu.

Yule mama kugeuza uso, mama, ndiyo elimu yenyewe. Mzazi haingilii. Hela ni ya mtoto, hasara ni ya mtoto. Kwa hiyo ukipatana bei, patana na mtoto, usimruke kwenda kwa mkubwa. Piga magoti kama goti linakubali, au inama. Na kupatana kunaruhusiwa siku hiyo, jambo ambalo katika maduka yao hulipati, lakini si kupatana kwa soko la Mgandini. Mwenye kitu cha yuro 2 mwambie moja na nusu, akikataa lipa mbili. Ukimshusha mtoto hadi senti 20 utashinda, na watu watakutazama.

Ukipita mbele kidogo utamkuta binti anapiga fidla, karatasi za noti zimebanwa kwa vibanio vya nguo ili upepo usizichukue, kasha limefunguliwa chini. Anajua wimbo mmoja na nusu. Ukisimama kusikiliza, weka senti 50. Wengine wanatoza pesa umrushie baba yao sifongo lililolowa maji. Baba ametoa kichwa kwenye tundu la ubao na anachungulia kwa unyonge. Kuna mchezo wa kula mkate wa viungo ulioning'inizwa kwenye kamba huku mikono iko nyuma, na mwingine wa kufungwa msumari kiunoni kwa uzi, kisha unachuchumaa kuutumbukiza kwenye mdomo wa chupa. Huo wa pili usijaribu na goti lako, tazama tu.

Sarafu, basi. Hili ndilo wageni wengi hulikosea, kwa sababu wanasikia Ulaya kila kitu ni kadi. Mtoto hana mashine ya kadi. Wenyeji hulipana kwa simu kwa Tikkie, ile ya kuskani, lakini inategemea akaunti ya benki ya kule, na M-Pesa yako haifiki. Mwambie mwanao siku mbili tatu kabla avunje noti dukani. Njoo na sarafu za senti 20, 50, yuro 1 na yuro 2, zenye jumla ya yuro 20 au 25, na noti chache za tano. Za senti 1 na 2 achana nazo. Kule wanaporudisha chenji wanakadiria hadi senti 5. Siku yenyewe mashine za kutolea pesa zina foleni, na noti ya 50 mbele ya mtoto wa miaka minane ni kumtia aibu bure.

Chakula hakitakusumbua kama unavyodhani, ila kuna mtego mmoja wa kuujua mapema. Kuna kinywaji cha rangi ya chungwa kinaitwa oranjebitter, kinamiminwa kwenye vikombe vidogo, na kwa macho ni juisi kabisa. Ni pombe kali. Mtu akikukaribisha kwa ukarimu, uliza kwanza, au tikisa kichwa na useme "geen alcohol". Hakuna atakayekasirika. Kitu kitamu cha siku hiyo ni tompouce, keki ya tabaka mbili na krimu nzito katikati. Siku nyingine inapakwa sukari ya waridi, siku hiyo ya chungwa. Kuila bila kuchafuka haiwezekani, hata wenyewe wanabishana ianzwe juu au ubavuni. Baadhi zina jelatini, hivyo kama unachunga halali muulize muuzaji kwa neno "gelatine". Frikandel, ile soseji ndefu ya kukaanga, mara nyingi ina nguruwe, iache. Kibbeling ni vipande vya samaki vya kukaanga, hivyo kula bila wasiwasi, ni kama wa kwetu waliokosa ndimu. Chipsi wanakula na mayonezi. Na ukiona Wasurinam, watu wa Suriname, koloni la zamani la Waholanzi Amerika Kusini, wamepika, simama hapo hapo. Roti yao ni binamu wa chapati, na baka bana ni ndizi mbivu za kukaanga zinazoliwa na mchuzi wa karanga. Wageni wangu wa Afrika Mashariki hufika kwenye ndizi hizo wakanyamaza.

Kama mwanao anakaa karibu na kituo kikuu, mtaa wa Lombok uko nyuma yake tu, na Kanaalstraat ina mabucha na mikate ya Waturuki na Wamoroko. Msikiti mkubwa wa Ulu upo hapo mwanzoni, kwenye uwanja uliopewa jina la msikiti, Moskeeplein. Kumbuka jua la mwisho wa Aprili: linachomoza saa kumi na mbili na robo hivi na kuzama karibu saa tatu usiku, basi Magharibi usiitafute saa kumi na mbili na nusu kama Tanga. Na mbao za treni zinaonyesha 13:04 zikimaanisha saa saba na dakika nne. Mwanao ameshazoea, ila ukipotezana naye ujue kusoma mwenyewe.

Kupotezana kunatokea. Simu hukwama mahali penye watu wengi, kwa hiyo wekeni mahali pa kukutania kabla ya kutoka mlangoni: mlango wa kanisa fulani, kona ya duka fulani, siyo "pale kwenye bendera", maana bendera ziko kila nyumba, ya nyekundu, nyeupe na buluu ikiwa na utepe mrefu wa chungwa juu yake. Pasipoti ibebe, ile yenyewe na si nakala, kwa sababu kila mtu kuanzia miaka 14 anatakiwa aweze kuonyesha kitambulisho. Lakini ibebe ndani ya nguo, kwenye mfuko wa shingoni. Wezi wa mifuko hawana sikukuu.

Goti. Katikati ya Utrecht ni mawe, hayako sawa, na mfereji wa Oudegracht una ngazi za kushukia kwenye baraza za chini kando ya maji. Ni pazuri kweli. Usishuke siku hiyo. Ngazi ni nyembamba na watu wanapandiana. Kaeni juu, au bora zaidi kwenye mitaa ya makazi nje kidogo ya katikati, ambako mikeka ni ya majirani na mtu anaweza kukupa kiti. Bebeni kigoda cha kukunja, hakuna atakayekushangaa. Viatu viwe vya raba. Nguo ziwe za kuvaa moja juu ya nyingine, ya juu iwe ya kuzuia mvua, kwani Waholanzi wenyewe wana msemo kwamba Aprili hufanya inavyotaka: nimewahi kuona mvua ya mawe saa nne na watu wamevua mashati saa sita. Mtu wa pwani asiamini jua la kule. Linaangaza bila kupasha moto.

Choo ni biashara. Wenye nyumba huandika mlangoni "WC €1", unalipa, unapita sebuleni kwa mtu, unamsalimia babu kwenye kochi, unatumia, unaaga. Mara ya kwanza unaona haya. Mimi nawashauri wageni waende hata kama hawajabanwa, kwa sababu ni nafasi pekee ya kuona nyumba ya Mholanzi kwa ndani bila miadi ya wiki tatu. Anayejisaidia barabarani anapigwa faini inayozidi yuro 100.

Mabasi ya katikati ya mji yanabadilishiwa njia siku hiyo, basi tembeeni. Mkilazimika kupanda chombo, kadi ya benki yenye alama ya mawimbi unaigusisha unapoingia na tena unapotoka. Ukisahau ya pili unakatwa pesa nyingi kuliko safari yenyewe. Na nje ya mitaa iliyofungwa baiskeli zinaendelea kama kawaida. Ile njia nyekundu kando ya barabara ni yao, na hawapigi breki kwa ajili ya mgeni anayepiga picha.

Swali lako la mwisho naona ndilo lililokufanya uandike.

Kwa upande wa adabu za mtaani, nafasi yako ipo bila shaka yoyote. Utrecht ina Wamoroko, Waturuki, Wasurinam, Wasomali, na mama wa buibui anayechagua sahani kwenye mkeka si kioja pale. Kama unafunika na uso, sheria iliyoanza Agosti 1, 2019 inakataza hilo ndani ya treni na mabasi, shuleni, hospitalini na kwenye ofisi za serikali. Barabarani haihusiki. Buibui na mtandio peke yake hakuna anayeuliza.

Upande wa mfalme ni mzito zaidi, na sitaki nikupambie. Utajiri wa nchi ile na wa ukoo ule ulichangiwa na watumwa. Waholanzi walikomesha utumwa Suriname na visiwa vya Karibi Julai 1, 1863, na hata hapo Suriname wengi walilazimishwa kubaki mashambani miaka kumi zaidi, hadi 1873. Gari la dhahabu la kifalme, lile la kuvutwa na farasi, lina ubao uliochorwa watu weusi na watu wa Asia wakileta mali miguuni mwa mwanamke wa Kizungu aliyekaa juu. Januari 2022 mfalme alitangaza kwamba halitatumika kwanza. Julai 1, 2023, akiwa Oosterpark jijini Amsterdam mbele ya wajukuu wa watumwa, aliomba msamaha mwenyewe na kwa ajili ya ukoo wake. Wasurinam niliosimama nao siku ile baadhi walilia, na mmoja wao, mzee, alitikisa kichwa akaondoka kabla hotuba haijaisha. Wote wawili niliwaelewa. Wapo marafiki zangu weusi wa kule ambao hawavai chungwa na hawatalivaa, na tarehe 27 wanakaanga ndizi na kuuza vizuri tu. Wapo pia Waholanzi weupe wasiotaka ufalme hata kidogo, na siku hiyo wanauza vitabu vyao kwenye mkeka kama wengine. Kwa hiyo kutembea gulioni si kumpigia mtu goti. Unanunua vikombe kwa mtoto. Mtandio wa chungwa ukikukaa vibaya moyoni, uache kabatini, hakuna anayekagua.

Kwa kuwa utabaki hadi Mei 8, ujue kitu kimoja kingine ili kisikushtue. Bendera zile zile utaziona tarehe 4 Mei zikiwa nusu mlingoti, bila ule utepe wa chungwa. Saa mbili kamili usiku nchi nzima inasimama dakika mbili kuwakumbuka waliouawa vitani. Mabasi yanasimama, watu madukani wanasimama. Ukiwa barabarani simama, zima simu, usiseme kitu. Kesho yake, tarehe 5, ni siku ya ukombozi na ngoma zinarudi.

Nimemaliza, isipokuwa hili, ambalo hukuuliza. Kaeni na mkeka wenu. Msiuze chakula, maana kina masharti yake, wala usilete mzigo wa biashara. Viza yako ni ya kutembea, basi muuzaji awe mwanao na wewe uwe mama yake uliyekaa kwenye kigoda. Auze vitabu vyake vya mwaka jana na masufuria aliyoachiwa na mpangaji aliyemtangulia. Na wewe lete khanga zako ulizokwisha kuzivaa, zilizolainika. Mwaka mmoja niliweka moja yenye maneno "Usisafirie nyota ya mwenzio". Mama mmoja wa Kiholanzi akaigusa, akauliza imeandikwa nini. Nikaanza kutafsiri. Nyota gani? Ya angani? Kwa nini mtu asafirie nyota? Baada ya dakika kumi tulikuwa tumefika kwa dada yake na mume wa kwanza, ameshakaa chini kwenye mkeka wangu, na wateja wengine wamepita. Khanga aliinunua kwa yuro 7, na bei hakuuliza mara mbili.

Leta doti mbili tatu. Robota liache Tanga.